Chama la Wana

Nimeuza chai na chapati stendi ya mabasi ya Shinyanga miaka mingi, kwa hiyo nisilaumiwe nikiisimulia Stand United kama mtu anayemsimulia mtoto wa jirani aliyemwona akitambaa.

Wageni huanza na jina. Stand ni stendi, basi. Timu ilizaliwa na wapiga debe, watu wanaoamka alfajiri kugombea abiria wa Mwanza na Kahama. Utamu uko kwenye jina la utani, Chama la Wana. Mwalimu wa Kiswahili angeshika kalamu nyekundu aandike "chama cha wana". Lakini kijana wa stendi akitaka kukikuza kitu hukipa "la", kama anavyosema lijumba au lijamaa. Na hao wana ni sisi.

Majirani zetu walizaliwa kwingine. Mwadui FC ni ya mji wa almasi, ule ambao Mkanada John Williamson aligundua mawe yake mwaka 1940. Geita Gold ni ya halmashauri, na mgodi wa dhahabu ukaishika mkono. Hizo zilikuwa na baba. Yetu ilikuwa na daftari la michango, na mimi mia tano yangu nilikuwa naitoa huku nanung'unika.

Mwaka 2014 tukapanda Ligi Kuu pamoja na Ndanda ya Mtwara na Polisi Morogoro. Septemba nikafunga kibanda mapema, nikaenda uwanja wa Kambarage kuona mechi ya kwanza. Ndanda wakatupiga 4-1. Nilirudi kuosha vikombe kimya kimya. Wiki mbili baadaye tukawabana Simba 1-1 kulekule Dar es Salaam, na asubuhi yake nikagawa chai bure. Sijarudia tena kosa hilo.

Mwaka 2015 zikaja pesa. Acacia, kampuni iliyokuwa na migodi ya Bulyanhulu, Buzwagi na North Mara, ikatudhamini. Akaja kocha Mfaransa, Patrick Liewig, aliyewahi kuifundisha Simba. Akaja pia mshambuliaji Elias Maguri, naye akawa anafunga kweli. Hapo likazuka swali ambalo daftari la michango halikuwahi kuuliza: timu hii ni ya nani? Upande mmoja ulisema ni ya wanachama, wenye kadi, ada na kura. Upande wa pili ukasema iendeshwe kama kampuni, yenye hisa na wakurugenzi. Kibandani kwangu walikaa mabenchi tofauti. Mimi niliwaelewa wote: aliyetoa jasho hataki kuwa mgeni kwake, na bili ya hoteli hailipwi kwa kelele za stendi. Mwaka 2016 mdhamini akajiondoa.

Cha ajabu, Septemba ya mwaka huohuo, mfuko ukiwa mtupu, tuliwafunga Yanga 1-0 Kambarage.

Miaka iliyofuata niipite haraka, inauma. Nikumbuke tu Septemba 2018, Mrundi wetu Alex Kitenge alipowafunga Yanga mabao matatu peke yake Dar es Salaam, na bado tukalala 4-3. Msimu huo ulipoisha mwaka 2019 tukashuka daraja pamoja na African Lyon. Mwadui nao wakashuka baadaye, na Geita Gold, ambao George Mpole aliwapa kiatu cha ufungaji bora kwa mabao 17 msimu wa 2021/22, wakashuka 2024.

Ndiyo maana mwaka 2025 tulikutana na Geita Gold kwenye mchujo wa kurudi Ligi Kuu. Tuliwatoa, kisha Fountain Gate wakatuzuia mlangoni. Siku za mechi ile ya Geita, mpiga debe mmoja alikuwa anaita abiria wa Geita huku kavaa jezi ya Stand. Akaja mzee na jezi ya Geita Gold, akasita mlangoni mwa basi. Kijana akampokea begi.

"Panda, mzee wangu," akamwambia. "Nauli ni ileile."