Ndoo Iliyomwagwa

Wahenga walinena, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Lakini katika safari niliyoifanya mkoani Kilimanjaro, aliyepona hasa ni mgeni mwenyewe. Nilipona njaa, na tena nilipona ujinga. Maana sisi tukaao mijini tumezoea kununua maziwa dukani bila ya kujiuliza ni jasho la nani lililoyafikisha hapo.

Tuliiacha barabara kuu ya Moshi na Arusha, tukapanda kuelekea Machame, katika wilaya ya Hai. Kadiri tulivyopanda ndivyo joto lilivyopungua na migomba ilivyozidi. Wenyeji wetu walikuwa mzee mmoja na mkewe, wenye kihamba kidogo na ng'ombe wawili wa maziwa. Nilipomwamkia bibi yule, "Shikamoo, mama," aliniitikia, "Marahaba, baba, karibuni," na kabla hatujaketi tulikuwa tumekwisha pewa bakuli za mtori wa moto, yaani ndizi mbichi zilizopikwa na nyama, kisha zikapondwa zikawa laini. Baada ya mtori zikaja bilauri za mtindi mzito uliogandishwa hapo hapo nyumbani. Hapana kitu kilichotoka dukani isipokuwa chumvi.

Yafaa msomaji ajue kwamba kumfuga ng'ombe ndani ya banda si jambo jipya kwa Wachaga. Ardhi ya mlimani ni haba, na kila kizazi kihamba hugawanywa kwa wana, kikazidi kuwa kidogo. Kwa hiyo tangu zamani ng'ombe hakwenda malishoni, bali malisho yalimfuata yeye. Hukatiwa majani na vigogo vya migomba, huletewa matete yaliyopandwa kandokando ya shamba, na wakati wa mavuno hupandishiwa mabua ya mahindi kutoka tambarare. Naye hulipa deni lake. Samadi yake hurudi kwenye migomba na mibuni. Mgomba humlisha ng'ombe, na ng'ombe huulisha mgomba.

Alfajiri, yapata saa kumi na moja, niliamka nikamfuata mama bandani. Alinawa mikono, akaosha kiwele kwa maji ya vuguvugu, akakikausha kwa kitambaa safi. Matone ya kwanza ya kila chuchu aliyakamua katika kikombe chenye kitambaa cheusi juu yake, akayatazama sana kwa taa. Maziwa yenye mabonge, alinieleza, ni dalili ya ugonjwa wa kiwele. Alipomaliza kumkamua ng'ombe wa kwanza aliyachuja maziwa, akayafunika. Kisha akamkamua wa pili katika ndoo nyingine, akaichukua ndoo ile mpaka nyuma ya banda, akayamwaga maziwa yote katika shimo la samadi.

Nilistaajabu, kwa maana niliona kama lita 4, meupe kama pamba. Mama akanionyesha chupa ya dawa. Ng'ombe yule alikuwa ameugua kiwele, bwana mifugo akamchoma sindano, na katika karatasi ya dawa zilikuwa zimeandikwa siku ambazo maziwa yake hayafai kunywewa na watu. Zilikuwa zimebaki siku mbili. Jirani mmoja mzee, aliyekuwa amekuja kuomba moto, hakuweza kujizuia. "Jirani, hiyo ni nauli ya binti yako kurudi shuleni," alisema. "Changanya na ya yule mzima, nani atakayejua?"

Mama akamjibu kwa upole, "Na wajukuu zako je, hawanywi maziwa ya tangi lile?"

Mzee yule akanyamaza, akachukua kijinga chake cha moto, akaenda zake.

Kulipopambazuka tuliyapeleka maziwa mazuri kwenye kituo cha kukusanyia. Pale kila ndoo hupimwa. Hutumbukizwa kipimo kinachoelea ili ijulikane kama maziwa yametiwa maji; kisha maziwa kidogo huchanganywa na spiriti, na yakikatika hukataliwa. Yaliyofaulu humiminwa yote katika tangi moja la kupoza, lenye baridi ya kama digrii 4. Lakini dawa iliyomo ndani ya maziwa haionekani kwa kipimo kinachoelea wala kwa spiriti. Hiyo huzuiwa na uaminifu wa mkamuaji peke yake. Ndoo moja yenye dawa yaweza kuharibu tangi zima, hata mtindi ukakataa kuganda, kwa kuwa dawa huua vijidudu vinavyougandisha. Na lililo baya zaidi, mtu anayenywa dawa kidogo kidogo bila ya kujua husaidia vijidudu vya maradhi kuizoea dawa ile, hata siku atakapougua kweli isimfae.

Wanawake wa mlima huu wanaijua kazi ya ushirika. Katika kijiji cha Nronga, wilayani humo humo, walianzisha chama chao cha maziwa mwaka 1988. Kwa desturi ya Wachaga kahawa ilikuwa mali ya mume, na maziwa mali ya mke. Bei ya kahawa ilipoanguka, nyumba nyingi zilishikiliwa na ndoo ya mama.

Ndugu msomaji, tumezoea kusema kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi namsifu mkamuaji huyu bila ya hofu, kwa kuwa nilimwona akimwaga mali yake mwenyewe gizani, mahali ambapo hapana mkaguzi. Ushirika husimama juu ya watu wa namna hiyo kabla haujasimama juu ya katiba na daftari. Basi nasi tunaokunywa tuna wajibu wetu. Chama kimlipe kwa wakati, dereva asiyacheleweshe maziwa juani, na mwenye duka asiyatie maji.

Tulipoaga, mama alitufungia chupa ya mtindi kwa ajili ya njia. Nilimwuliza kama ndoo ya jioni nayo itamwagwa. "Itamwagwa," alisema, "na kesho pia. Keshokutwa njooni mnywe."