Yai la Kupewa: Jipya au Lililogandishwa?

Wafugaji wa Mbulu na Hanang walianza kuisikia teknolojia ya kugandisha mbegu za uzazi kwa ng'ombe. Mbegu za madume bora huandaliwa katika Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji, Usa River mkoani Arusha, zikagandishwa kwenye mirija myembamba na kusafirishwa ndani ya mitungi ya naitrojeni yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Dume akifa, ndama wake huendelea kuzaliwa.

Yai la mwanamke lilikuwa kaidi zaidi. Mbegu za kiume za binadamu zilizogandishwa zilileta mimba za kwanza mwaka 1953, lakini yai lililogandishwa lilisubiri hadi 1986, kwa kazi ya daktari Christopher Chen wa Australia. Sababu ni maji. Yai ni miongoni mwa seli kubwa kabisa mwilini, lina upana wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita, na limejaa maji. Likipozwa polepole, maji hayo hugeuka chembe za barafu zenye ncha, zikachana utando na kuvuruga nyuzi zinazopanga kromosomu. Siku hizi maji hupunguzwa kwanza kwa dawa maalumu, kisha yai hutumbukizwa ghafla kwenye naitrojeni, likaganda kama kioo bila barafu kupata nafasi ya kujiunda. Masashige Kuwayama wa Japani aliieneza njia hiyo miaka ya 2000, na mwaka 2012 chama cha wataalamu wa uzazi cha Marekani kikaacha kuiita ya majaribio.

Kwa mayai mapya, yaani yasiyogandishwa, mizunguko ya hedhi ya wanawake wawili, mchangiaji anayetoa mayai na mpokeaji, hulinganishwa kwa dawa. Mchangiaji hudungwa sindano kwa siku kumi hivi, mayai yanatolewa, na siku hiyohiyo yanarutubishwa kwa mbegu za mume. Mchangiaji akiugua au akighairi, mpango mzima unavunjika. Hebu fikiria wanandoa wa Haydom, kilomita 300 hivi kutoka Arusha, ambao tiba yao iko Dar es Salaam au Nairobi: kila ahirisho ni nauli, ni malazi, ni shamba lisilo na mtu msimu wa kupalilia. Yai lililogandishwa linawasubiri wao.

Hata hivyo lina gharama yake. Takwimu za Marekani za mwaka 2013 zilionyesha kuwa mizunguko ya tiba kwa mayai mapya ilizaa mtoto hai kwa asilimia 49.6, na ya yaliyogandishwa kwa asilimia 43.2. Sababu mojawapo inayotajwa ni kwamba mpokeaji wa yaliyogandishwa hupewa mayai machache, na baadhi hufa yakiyeyushwa. Kwa maoni yangu, anayeishi mbali achague yaliyogandishwa, mradi maabara ina uzoefu. Anayetaka watoto zaidi ya mmoja kutoka kwa mchangiaji mmoja, mapya yanamfaa. Na umri wa mchangiaji una uzito zaidi kuliko hayo yote.

Ila kuna swali linalotangulia: je, yai la kupewa linahitajika kweli? Linamfaa mwanamke ambaye mayai yake yamekwisha mapema, aliyeondolewa ovari, au ambaye umri umesogea. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 1985 ulikuta kuwa zaidi ya asilimia 85 ya wanawake wagumba waliochunguzwa Afrika walikuwa na tatizo linalotokana na maambukizi, hasa mirija ya uzazi iliyoziba. Mwanamke wa namna hiyo mara nyingi mayai yake ni mazima. Kumuuzia ya mwingine ni kumdhulumu. Tena mara nyingi tatizo liko kwa mume, na kupima mbegu zake huanza na darubini tu, wakati mkewe ameshasemwa na ukoo mzima kwa miaka.

Basi, nendeni kliniki wawili, na mume apimwe siku ileile. Mkiambiwa mnahitaji mayai ya mchangiaji, ulizeni ana umri gani, mtapewa mangapi, na katika maabara hiyo mangapi kati ya kumi hubaki hai baada ya kuyeyushwa. Asiyeweza kuwajibu, msimpe fedha zenu.