Soksi zisizonuka zinapofuliwa, fedha huenda wapi?

Baadhi ya viwanda hutia kwenye soksi na fulana za michezo chembe za madini ya fedha, yale yale ya pete na mikufu, ila ndogo mno: unywele mmoja ni mnene mara mamia kuliko chembe moja. Kazi yake ni kuua bakteria wanaoligeuza jasho kuwa harufu.

Shida huanzia kwenye beseni. Mwaka 2008, watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, Marekani, walitikisa soksi za aina mbalimbali kwenye maji matupu. Kuna zilizopoteza karibu fedha yote baada ya kufuliwa mara nne tu. Nyingine hazikutoa karibu chochote.

Penye mitambo ya kusafisha majitaka, sehemu kubwa ya fedha hiyo huungana na salfa, ikatulia kwenye tope, na ukali wake hupungua. Ukifulia mtoni, kinga hiyo huna. Fedha iliyoyeyuka huwadhuru samaki kupitia mashavu yao, hata ikiwa kidogo. Afadhali ufulie nyumbani na kumwaga maji mbali na mto au kisima.

Soksi za mitumba zisikutie hofu sana: zikikufikia zimeshafuliwa mara nyingi, na huenda fedha yake ilibaki zilikotoka.