Jozi Mbili Zilizolala: Kugawana Nyaya Baina ya Mtandao na Siriali

Kebo ya mtandao inayotoka ukutani hadi kwenye tarakilishi ofisini aghalabu huwa na nyaya nane, zilizosokotwa mbili mbili zikawa jozi nne. Ithaneti ya megabiti 10 kwa sekunde, iliyosanifishwa mwaka wa 1990, na ile ya megabiti 100 iliyofuata mwaka wa 1995, hutumia jozi mbili tu: pini 1 na 2, kisha 3 na 6. Jozi ya samawati (4 na 5) na ya hudhurungi (7 na 8) hulala. Yamkini hapo ndipo wazo la kugawana lilipochipuka. Kwa nini ukuta utobolewe tena kwa ajili ya printa ya zamani ya siriali ilhali ndani ya kebo mna nafasi?

Kamba husokotwa ili iwe imara. Waya husokotwa kwa sababu nyingine. Alexander Graham Bell alipewa hataza ya mbinu hiyo mwaka wa 1881. Kelele za umeme zinapoivamia jozi iliyosokotwa, huzipata nyaya zote mbili takriban kwa kiasi sawa. Kipokezi cha Ithaneti husoma tofauti iliyopo baina ya nyaya hizo, na kelele hujifuta.

Siriali ya RS-232 haisomi hivyo. Hupima volti za waya mmoja dhidi ya ardhi, kwa hivyo msokoto hauifai sana. Fundi anayeweka waya wa kupeleka na wa kupokea katika jozi moja huzifanya ishara ziingiliane. Afadhali kila ishara iandamane na waya wa ardhi: kupeleka na ardhi katika samawati, kupokea na ardhi katika hudhurungi. Hapo hakuna waya unaosalia wa kusimamisha mtiririko, na kazi hiyo huachiwa programu.

Istilahi nazo zina mtego wake. Baadhi ya waandishi huita siriali ‘mawasiliano ya mfululizo’, yaani biti hupita moja baada ya nyingine. Maelezo hayo ni sahihi, ila hayatofautishi chochote, kwa kuwa hata Ithaneti ya megabiti 10 hupitisha biti zake kwa mfululizo. Kibandiko cha soketi kinachosema ‘mfululizo’ pekee hakimlindi mtu. Kiandikwe ‘RS-232, si mtandao’.

Hatari yenyewe ni hii. Soketi ni ileile, plagi ni ileile. Vipo vifaa vinavyosukuma umeme wa moja kwa moja katika pini 4, 5, 7 na 8 bila kuuliza kilichopo upande wa pili, na mlango wa siriali unaweza kuungua. Zaidi ya hayo, Ithaneti ya gigabiti, iliyosanifishwa mwaka wa 1999, huhitaji jozi zote nne. Vifaa viwili vya aina hiyo hushauriana kupitia jozi mbili za mtandao, vikakubaliana kwenda kwa gigabiti, kisha vikakwama vinapokosa jozi nyingine. Baadhi hushusha kasi vyenyewe; vingine hukatika tu, na mhusika akailaumu tarakilishi isiyo na kosa. Ofisi inayohamia gigabiti haina budi kuipa siriali kebo yake, au kununua kisanduku cha kuigeuza siriali kuwa Ithaneti.