Bidoni ya munkoyo: pompi inafika kwenye mkono haufike

Bamama wa Kikula wanajua: munkoyo mupya ukitiwa ndani ya bidoni yenye masalio ya jana, unaharibika mbele baba hajatoka posti. Mkono hauingie, na mchanga haufike ku pembe zote. Basi, pompi ndogo inawekwa ndani ya beseni, mupira unasimama, bidoni inapinduliwa juu yake. Mayi ya moto na sabuni inapiga chini ya bidoni, inashuka, inapanda tena. Kisha suuza, anika kinywa chini. Umeme ukikatika, kama kawaida yetu, tia mnyororo mfupi ndani, tikisa.

Lakini wandugu, bidoni yenye ilibeba asidi ku uzini, hata pompi haiiwezi. Ile tuitoboe, mtu asiitie kinywaji.