Je, Wajua? Msumari Haupandi na Mti

Pigilia msumari kwenye siala, mti wa maua ya njano unaopendwa sana katika maboma ya Homa Bay na Migori. Hata mti ukirefuka maradufu, msumari utabaki pale pale, kwa sababu mti hurefukia kwenye ncha zake tu. Unene hutokana na utando mwembamba ulio chini ya gome, unaojenga mbao upande wa ndani na gome upande wa nje. Maji hupanda kupitia mbao changa. Zile ngumu za katikati hubaki kuubeba mti. Wala usiamini sana pete za gogo unapohesabu umri wa mti: huku mvua ni za misimu miwili, na mwaka mmoja waweza kuacha pete mbili. Tafadhali, usifunge mbuzi kwa waya shinani. Gome likikatika kuzunguka shina lote, chakula cha majani hakifiki mizizini, na mti hufa.