Shabaha Si Somo la Mwisho

Msimu wa mavuno hapa Mwea, wanunuzi wa mpunga hubeba fedha nyingi kutoka mashambani hadi Wang'uru. Si ajabu basi kwamba baadhi yao hutamani bastola ya kuficha chini ya koti. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, humruhusu raia mwenye sababu ya kutosha, maadamu si mlevi wala si mgonjwa wa akili. Desemba 2018 serikali iliagiza wenye leseni wote wahakikiwe upya.

Waama, mafunzo ni lazima. Lakini ni mafunzo ya nini? Mwanagenzi huambiwa aichukulie kila bastola kuwa ina risasi, na asimwelekezee mtu asiyekusudia kumpiga. Hayo ni ya mkono. Ya moyo ni magumu zaidi. Lugha yetu hutenganisha kujihami na kulipiza kisasi. Mkono wenye hofu au ghadhabu hautenganishi. Kwa hiyo, naona mkufunzi bora ni yule anayefundisha kukimbia, kusalimisha mkoba na kunyamaza akitukanwa.

Sehemu hizi zajua uzito wa bastola. Novemba 1956, mjini Nyeri, Dedan Kimathi alihukumiwa kifo kwa kupatikana na bastola. Ikiwa leo dola humkabidhi raia kitu kilekile kwa hiari, basi leseni ni amana, si cheo.

Walimu na wanafunzi, tuwapime wenye bastola kwa mara walizojizuia, si kwa shabaha walizolenga.